Maelezo ya Picha ya Ukurasa wa Kumi na Nne

Siku ya mwisho ya mafunzo yake Kitinda aliianza vibaya. Alikuwa anajifunga saa mkononi, saa ikamponyoka, ikaanguka sakafuni na kioo kikapata ufa kutoka juu hadi chini. Mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani, aliitazama kwa muda mrefu kuliko saa inavyostahili kutazamwa.

"Inatembea?" mama aliuliza.

"Inatembea."

"Basi ivae. Usije ukachelewa siku ya mwisho kwa ajili ya kioo."

Nyumbani aliitwa Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yake. Kazini, kwenye gazeti alikopelekwa na chuo miezi mitatu iliyopita, waliitwa wote kwa majina ya utani, na yeye aliitwa Mwanafunzi kwa sababu muhula ule ndiye peke yake aliyeletwa pale. Hakuna jina alilolichagua kati ya hayo mawili. Lakini la pili alikuwa amelipenda, maana kulikuwa na mtu mmoja mle ofisini aliyekuwa akilitamka taratibu kama anayeonja asali.

Mtu huyo alikuwa aje kwao kesho yake, Jumamosi, saa nne asubuhi, kujitambulisha.

Baba yake alikuwa mezani tayari na gazeti la jana na kalamu nyekundu. Alikuwa amefundisha kwa miaka thelathini na mitano, na kustaafu hakukumponya. Kila gazeti lililoingia nyumba ile alilisoma tangu jina lake hadi tangazo la mwisho la nyumba ya kupanga, akizungushia makosa wino, na mpaka amalize hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Majirani walimwita Mzee Kalamu. Tangu bintiye aende kujifunza kazi pale, mzee alikuwa amepata tarishi wa bure: kila Jumatatu alimkabidhi furushi la makosa ampelekee mhariri.

"Kesho saa nne," baba alisema bila kuinua macho.

"Saa nne, baba."

"Na ni yuleyule."

"Ni yuleyule."

"Aliyeahirisha mara ya kwanza kwa homa, mara ya pili kwa shati lililokuwa kwa dobi."

"Safari hii anakuja, baba."

"Anayepanga maneno ya wenzake."

"Ni msanifu wa kurasa."

"Si ndiyo hiyo? Anapanga maneno ya wenzake. Siku akihitaji ya kwake mwenyewe, atayatoa wapi?"

"Wewe mzee, mwache mtoto anywe chai," mama aliingilia. "Hata wewe ulipokuja kwetu ulikuwa na neno gani? Ulisema shikamoo, ukanyamaza mpaka jioni."

Baba alikaribia kutabasamu, kisha akajizuia. "Sikumkataza," alisema. "Nimesema aje. Mtu nikishamwona machoni najua. Lakini sikia, binti. Asipofika kesho, au akifika na nikagundua kuna kitu amekificha, jina lake halitajwi tena humu ndani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, baba."

Alitoka na furushi la mwisho la makosa chini ya kwapa, maana safari hii lisingeweza kungoja Jumatatu, na moyo wake ulikuwa mzito bila sababu aliyoweza kuitaja.

Ofisi ya gazeti ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, kiasi kwamba kila habari iliyoandikwa pale ilinukia rangi mbichi. Na pale palikuwa na mazoea ya kazi ambayo mtu wa nje asingeyajua. Msanifu hakungoja maneno yafike. Aliupanga ukurasa kwanza, akaweka picha, na chini ya kila picha, pale pa maelezo, akajaza maneno ya kushikia nafasi tu: maelezo maelezo maelezo. Baadaye mtu alikuja kuyafuta na kuandika ya kweli. Kazi hiyo, pamoja na kupitia maelezo yote kwa mara ya mwisho kabla kurasa hazijapelekwa kwenye mtambo wa kuchapia, ilikuwa ya Mwanafunzi.

Wiki yake ya tatu alifungua ukurasa wa saba, na chini ya picha ya daraja lililokuwa linakarabatiwa hakukuta maelezo maelezo. Alikuta neno moja: Umekula?

Aliinua macho. Msanifu alikuwa upande wa pili wa chumba, amekitumbulia macho kioo cha kompyuta yake kama mtu aliyeona deni, ila masikio yalikuwa yamemsimama. Kitinda akaandika: Bado. Akafuta. Akaandika tena: Bado, na wewe? Saa saba wakala pamoja kwenye ngazi za nyuma, na tangu siku hiyo chini ya picha za madaraja, masoko na wahitimu kukawa na mazungumzo ambayo hayakuwahi kuchapwa. Umependeza. Mbona umenuna? Nakuwaza. Wakishasoma, walifuta. Hakukuwa na barua wala ujumbe wa simu. Kitinda aliuona huo kuwa ustaarabu wa mtu mzima anayeheshimu kazi, na hakuwahi kujiuliza mtu asiyetaka kuacha alama anamwogopa nani.

Ijumaa ile alikuta ujumbe asubuhi, ukurasa wa saba kama kawaida, chini ya picha ya bustani ya shule: Kesho nivae nini?

Akajibu: Shati jeupe. Baba anapenda usafi.

Alingoja mpaka akamwona Msanifu anasoma na kutabasamu, kisha akafuta yote mawili na kuandika maelezo ya bustani.

"Mwanafunzi." Kipenga, mwandishi wa michezo, alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. Alikuwa mwanamke mwenye kicheko kikubwa, na ndiye aliyemwonyesha Kitinda kila kitu siku ya kwanza, hata choo kilipo. "Unaondoka lini hasa kurudi chuoni?"

"Jumapili, dada. Basi la asubuhi."

"Jumapili," Kipenga alirudia. Alikuwa ameuliza swali hilohilo Jumanne, na akauliza tena Jumatano. "Tutakukosa. Nani atatusomea makosa?" Akacheka, lakini macho yake hayakucheka, yalimpita Kitinda begani yakaenda kutua mbali. Kitinda alidhani ni uchovu.

Saa nane na nusu umeme ukakatika. Feni ilizunguka mara tatu za uvivu ikasimama, na chumba kizima kikashusha pumzi. Ulirudi baada ya dakika kumi, na hapo ndipo damu ya Kitinda ilipokwenda mbio. Kompyuta zile zilikuwa na tabia moja mbaya: umeme ukirudi, zilifungua ukurasa kama ulivyokuwa ulipohifadhiwa mara ya mwisho. Ulichokifuta baada ya hapo kilirejea mahali pake. Na yeye hakukumbuka kama alihifadhi baada ya kufuta.

Alikwenda mezani kwa Msanifu akainama. "Ukurasa wa saba. Lile jibu langu. Linaweza kuwa limerudi."

"Kweli?"

"Baba anasoma mpaka namba za kurasa. Akiliona hilo, kesho usije."

Msanifu aliufungua. Maneno yalikuwepo, Shati jeupe, baba anapenda usafi, yametulia chini ya mboga za wanafunzi. Aliyafuta polepole akahifadhi mara mbili, mbele ya macho yake. "Yamekwisha," alisema. "Unaona ninavyokulinda?"

"Naona," Kitinda alisema, na kweli alimpenda wakati ule kiasi cha kuona haya.

Kipenga akapaza sauti kutoka kwenye meza yake. "Jamani, ukurasa wangu wa kumi na nne umeshaondoka. Nimeutuma palepale umeme uliporudi, kabla haujatuchezea tena."

Mkono wa Msanifu ulisimama juu ya meza. Alimtazama Kipenga, Kipenga akamtazama. Kisha Msanifu akasema, "Sawa, vizuri," akafungua ukurasa mwingine.

"Kuna nini?" Kitinda aliuliza.

"Hakuna. Joto tu."

"Niupitie na wa kumi na nne?"

"Umeshakwenda, Mwanafunzi, utaupitia wapi? Na mhariri anakuita."

Ni kweli alikuwa anaitwa. Mhariri, mama wa makamo ambaye wote walimwita Mama Mkasi kwa jinsi alivyokata habari za watu, alikuwa mlangoni pa chumba chake ameshika kitabu cha mafunzo, kile ambacho bila sahihi yake chuo kisingemhesabia Kitinda kuwa amemaliza. Alimkalisha, akafunga mlango, akapindua kurasa zake za siku sitini, moja baada ya moja, bila haraka.

"Una macho," alisema hatimaye. "Makosa ya baba yako yamepungua tangu uje. Zamani alikuwa ananiletea ishirini kwa wiki, sasa hayafiki matano."

"Asante, mama."

"Usinishukuru, sijamaliza. Una ugonjwa mmoja na sijauponya." Alivuta karatasi. "Watoto wakifurahia maktaba mpya. Wakulima wakifurahia mafunzo. Maharusi wakifurahia siku yao. Nimekata furaha kumi na mbili kwenye maelezo yako ya picha. Umejuaje kama walifurahi?"

"Walikuwa wanatabasamu."

"Basi andika wanatabasamu. Tabasamu umeliona. Furaha umeitumaini. Mwandishi anaandika alichokiona, mwanangu, na pale alichokiona kinapoishia, anaweka nukta."

Alisaini, akapiga muhuri, akapuliza wino. Lakini hakumpa kitabu mara moja.

"Nasikia kesho mna mgeni nyumbani."

Kitinda aliinamisha kichwa. "Umejuaje, mama?"

"Chumba hiki hakina siri, kina watu wenye adabu tu ya kutosema." Mama Mkasi alitazama mlango uliofungwa kama mtu anayeona kupitia mbao. "Ulipokuja hapa mimi nilikabidhiwa kazi yako, sikukabidhiwa moyo wako, na ndiyo maana nimenyamaza. Labda nimekosea. Umemwuliza huyo bwana kabla yako alikuwa na nani?"

"Alisema hana mtu, mama."

"Alisema," mama alirudia, akamkabidhi kitabu. "Haya. Hongera, umemaliza."

Msanifu alimsindikiza hadi kwenye ngazi za nyuma, palepale walipokula mara ya kwanza. Alikuwa amembebea furushi la vitu vyake, na alikuwa na haraka isiyo ya kawaida yake.

"Mama Mkasi ameniuliza kabla yangu ulikuwa na nani," Kitinda alisema.

"Ukamjibu nini?"

"Ulichoniambia."

"Basi umemjibu vizuri." Alimshika kidole kimoja, kidogo tu, akakiachia. "Wazee wanapenda kupekua. Mtu mpya akipata furaha, wao wanatafuta ilipochanika."

"Nitazame basi."

"Si nakutazama?"

"Unatazama kiatu changu."

Akacheka, akamtazama. Yalikuwa macho mazuri, na Kitinda alikuwa amewahi kukosa usingizi kwa ajili yake. "Chuo ni mbali," Msanifu alisema. "Watu husahauliana."

"Ni mbali kwa basi. Mimi sitasahau. Wewe je?"

"Kesho nitakuwa kwenu saa nne na shati jeupe," alijibu, na Kitinda alikuwa njiani kurudi nyumbani kabla hajagundua kuwa hilo halikuwa jibu la swali lake.

Jumamosi ilipambazuka na mawingu mazito yaliyokataa kunyesha. Mama alikuwa amefagia mpaka nje ya geti. Vitambaa vya makochi vilikuwa vimenyooshwa, vikombe vya wageni vimetoka kabatini. Gazeti liliingia saa mbili, baba akavaa miwani, akafungua kalamu.

Kitinda alikaa kiti cha mkabala akijifanya anakunja vitambaa vya meza. Alijua ukurasa wa saba umesafishwa, aliuona kwa macho yake. Hata hivyo alizihesabu kurasa. Baba alisoma wa kwanza. Akazungushia nukta iliyokosewa kwenye wa pili. Wa tatu. Wa nne. Kila alipogeuza karatasi, sauti yake ilimkwaruza Kitinda ndani ya kifua.

Wa saba. Baba aliusogeza karibu na macho.

"Wanafunzi wakimwagilia bustani ya shule," alisoma. "Hawafurahii chochote leo?"

"Wanamwagilia tu, baba."

"Umekua." Akageuza.

Kitinda alihisi mabega yake yakishuka. Alitazama saa yake yenye ufa. Saa tatu na dakika arobaini. Mama alipita akambana shavu, akamnong'oneza kuwa amependeza, akarudi jikoni kuchemsha maji mengine. Ilionekana kweli kwamba mabaya yote yamepita juu ya paa lao na kwenda kumtafuta mtu mwingine.

"Na hii ndiyo nini?" baba alisema.

"Ipi?"

"Huku kwenye michezo. Ukurasa wa kumi na nne. Mlinda mlango ameruka, mpira unampita, halafu chini wameandika mambo ya ajabu kabisa." Alisafisha koo kama alivyokuwa akifanya darasani, akasoma kwa sauti. "Kesho ni kumridhisha Mwanafunzi tu, nionekane nimekwenda kwao. Jumapili akishaondoka tunarudi kama mwanzo, mimi na wewe. Nivumilie."

Jikoni birika lilianza kupiga mluzi.

"Sasa huyu mlinda mlango anamridhisha mwanafunzi gani?" Baba alikuwa anacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepata kosa nono. "Haya si makosa ya herufi. Haya ni maneno ya mtu kwa mtu, yamepotea njia. Mama Mkasi atazirai Jumatatu." Aliweka ncha ya kalamu kwenye karatasi. "Hapo kwenu wanafunzi mlikuwa wangapi?"

Kitinda alikuwa ameshika kitambaa, na alikikunja mara moja zaidi ingawa kilikuwa hakikunjiki tena. Alikumbuka mkono uliosimama juu ya meza. Neno Jumapili, alivyolirudia Kipenga. Nafasi ileile, chini ya picha, mtindo uleule wa kuandika na kufuta, ila kwenye ukurasa mwingine, kwa mwanamke aliyekuwepo kabla yake na aliyekuwa anahesabu siku zake za kuondoka. Alitaka kusema walikuwa watatu, wanne, yeyote. Uongo ulikuwepo karibu na ungemfaa kwa asubuhi moja.

"Mmoja, baba," alisema. "Nilikuwa peke yangu."

Kicheko kilikauka. Baba alimtazama, akalitazama gazeti, akamtazama tena, na Kitinda aliona uso wake ukisoma jambo lile neno kwa neno hadi mwisho. Mzee alifunga kalamu. Kwa mara ya kwanza tangu Kitinda apate akili, baba yake alikutana na kosa na hakulizungushia wino.

"Binti yangu," alisema, na sauti yake haikuwa ya mwalimu.

Machozi yakamshuka Kitinda, hakuyafuta. Iliuma. Iliuma kuliko alivyodhani kitu kinaweza kumuuma mtu aliyekaa kwenye kiti amevaa vizuri. Alikuwa amempenda, kwa moyo wote na bila kuuliza bei, na hata sasa sehemu yake moja ilikuwa inasikiliza hatua za nje.

Geti likagongwa. Mara tatu, kwa adabu. Saa yake ilikuwa inasema saa nne kamili.

Mama alitokea jikoni akifuta mikono, uso umemjaa furaha. Alipowaona akasimama. "Kuna nini?"

"Kaa, mama Kitinda," baba alisema. Aliinuka, akashika mkongojo ambao hakuutumia sana. "Nitakwenda mimi."

"Hapana, baba. Niachie." Kitinda alifuta uso kwa kitambaa cha meza. "Nipe tu gazeti."

Mzee alisita. Gazeti lilikuwa halijaisha, zilibaki kurasa mbili na matangazo. Kisha akalikunja mwenyewe, ukurasa wa kumi na nne ukiwa juu, akampa.

Msanifu alikuwa amesimama nje ya geti kama alivyoahidi. Kitinda alimtazama kwenye uwazi wa chuma kabla ya kufungua, akamtazama alivyofundishwa. Mwanamume. Shati jeupe, limepigwa pasi. Mfuko wa matunda mkono wa kushoto. Anatabasamu. Aliweka nukta hapo.

"Nimechelewa?" Msanifu aliuliza.

"Hujachelewa. Umesoma gazeti la leo?"

"Mimi na kusoma wapi na wapi? Mimi si napanga tu?" Alicheka. Kisha akaona macho yake, akaona na gazeti, na kicheko kikamfia mdomoni.

Kitinda alimpa. Hakumwonyesha mahali, hakukuwa na haja, maana mtu hulijua pengo alilolipanga kwa mkono wake. Alimwona akisoma. Aliuona mfuko wa matunda ukishuka polepole mpaka ukagusa ardhi. Nyuma yake, ndani, birika lilikuwa limenyamazishwa, na mvua iliyokuwa imegoma tangu asubuhi iliangusha tone moja juu ya karatasi.

"Nisikilize," Msanifu alisema. Sauti yake ilikuwa ileile ya asali. "Si kama unavyodhani. Mwanafunzi, naweza kueleza."

"Mwanafunzi alimaliza jana," Kitinda alisema, akafunga geti.